Vyakula Alivyoviacha Josiane

Josiane, ambaye wengi humwita Mama Safi, alisuka nywele za watu barazani kwake, mtaa wa Mikelenge hapa Kindu. Ugonjwa ulimwanza wakati wa vita, mji ulipozingirwa na hakuna aliyethubutu kwenda shambani. Ulianzia kwenye viwiko, ukashuka magotini, mwisho ukafika mikononi: mabaka mekundu yenye magamba meupe, yanayowasha hadi damu itoke. Watu wakasema ni njaa tu. Naye akangojea amani ili apone.

Amani ikaja, chumvi ikarudi sokoni. Mabaka yakabaki.

Akaanza kutafuta dawa. Alioga maji ya majani machungu kutoka kwa mganga wa Pangi. Alichomwa sindano bila kuambiwa ni za nini. Kila dawa ilimpa siku chache za matumaini, kisha akaamka tena na magamba shukani.

Nicole, dada wa mume wake, akamwambia, "Chakula njo kinakuletea hii, Mama Safi. Ukikula samaki bila magamba, magamba yanatokea kwako."

Josiane akaacha kambale. Halafu karanga, kwa kuwa jirani mmoja alipona alipoziacha. Halafu nyama ya nguruwe, pilipili, hata mawese. Wateja nao walipungua. Mmoja alimtazama mikono, akasema amesahau mutoto nyumbani, akaenda, hakurudi tena.

Siku moja mume wake, Rémy, alimkuta anatafuna muhogo mkavu.

"Sasa kumebaki nini ya kuacha?"

"Maji," Josiane akajibu, wala hakucheka.

Mwaka jana alianguka kwa kizunguzungu akimsuka Philomène, mteja wake wa zamani. Philomène akamshika mkono, nywele zake zikiwa zimesukwa nusu, wakaenda kituo cha afya. Muuguzi aliyeitwa Florentin alimkagua viwiko, kichwa na kucha.

"Ilianza lini, Mama?"

"Wakati wa vita."

"Ulikuwa unakula nini wakati ule?"

"Majani ya muhogo tu, sombe bila chumvi. Siku zingine hata sombe hakuna."

"Na samaki? Karanga? Mawese?"

Josiane akatikisa kichwa. Vyote hivyo havikuwapo mjini.

"Kuna watu wanaowashwa na chakula fulani," Florentin akasema. "Wewe, sioni kama ni chakula. Huu ni ugonjwa wa ngozi yenyewe. Hauambukizi. Hii pomada ya kupaka itautuliza."

"Utaisha lini?"

"Unaenda na kurudi, Mama. Pengine hauishi. Lakini kula."

Alidhani angelia. Hakulia, alihisi uchovu tu, uchovu wa miaka yote ile aliyokula kwa woga. Nje, Philomène akauliza kama atamaliziwa nywele leo ama kesho.

"Leo," Josiane akasema.

Siku hizi, mara pomada hupatikana, mara hukosekana. Mabaka hufifia, kisha huwaka upya. Wiki iliyopita Nicole alikuja na shauri jipya, kuhusu mayai.

"Wifi, nimechoka," Josiane akamwambia, akamsogezea sahani. "Kaa tukule."