Marando ya Bibi

Mama yangu alikuwa mkarimu wa kila kitu isipokuwa marando. Ukija kwetu, porini karibu na Ipole, utapewa asali, utachinjiwa kuku, utalala siku unazotaka. Ila ukimwomba hata rando moja la kupanda la kile kiazi chake kitamu, anageuka kiziwi. "Marando yenyewe yamekauka," atakwambia, na huku yanatambaa nyuma yake unayaona kwa macho. Kiazi kilikuwa chekundu nje, manjano ndani, kikavu, kitamu hata bila chai. Bibi, mama yake, alimfungia mzigo wa marando siku alipoolewa, na mdogo wake naye akafungiwa mzigo wake alipoolewa Bukene. Kwetu binti hakwenda kwa mume mikono mitupu.

Ikaja ile operesheni ya kuhamia vijijini. Kilikuwa kiangazi, na mimi nilikuwa nimekuja likizo kumsaidia mama kufunga vyombo. Mashamba yalikuwa yamekauka. Marando ya mbegu alikuwa ameyahifadhi penye unyevu karibu na kisima. Lori lilipofika aliyang'oa yote, akayafunga kwenye gunia lililoloweshwa maji, akalipakata njia nzima. Kijijini aliitwa akaonyeshwe kiwanja. Aliporudi, mbuzi wa watu, nao wamehamishwa, nao wana njaa, walikuwa wamelimaliza gunia. Mama alikaa chini akalia. Nyumba yake aliiacha bila kutoa chozi, lakini marando aliyalilia. Kesho yake alirudi kule kisimani kutafuta masalia, akakuta ng'ombe wamekanyaga kila kitu.

"Kwa mama mdogo yapo," nikamwambia. "Bukene wao hawakuhamishwa."

"Bukene siendi."

"Mama!"

"Nimesema siendi. Ng'o!"

Yeye na mdogo wake hawakuwa wanaongea tangu siku ya kumzika bibi. Mama mdogo alifika kaburi limekwisha kufukiwa, maana treni ilichelewa, na mama akamwambia mbele ya waombolezaji, "Angalau umewahi chakula." Lilikuwa neno baya na mama alijua ni baya. Kujua huko ndiko kulikomzidishia ukali.

Wakati huo nilikuwa nafundisha biolojia sekondari mjini, nina chumba changu Gongoni. Na chumbani nilikuwa na kibiriti chenye mbegu ndogo nyeusi. Nilizichuma kwenye marando ya mama nilipokuwa chuoni, kwa sababu watu wengi hawajui kwamba kiazi kitamu kinatoa maua, na ua linazaa mbegu. Mama aliposikia hivyo alisimama.

"Sasa ulikuwa unangoja nini wewe?"

Nikamwomba akae kwanza anisikilize. "Mama, ndani ya kila kiumbe mna nyuzi ndogondogo, zinaitwa kromosomu. Ndizo zinazobeba rangi, utamu, ukavu, kila kitu. Mtu anazo arobaini na sita. Mmea wa mahindi unazo ishirini. Kiazi kitamu kina tisini."

"Tisini! Kiazi kinanizidi mimi?"

"Kinakuzidi. Wewe una mafungu mawili, moja la mama, moja la baba. Chenyewe kina mafungu sita. Kikitaka kuzaa mbegu kinazichanganya, nusu tu ndiyo inayopita, na hakuna anayechagua zipite zipi. Nusu nyingine inatoka kwa baba."

"Baba yake nani?"

"Hatumjui. Kiazi chako hakijizalishi chenyewe, lazima chavua itoke kwenye kiazi kingine. Nyuki ndiye anayejua."

Mama, mke wa mrina asali, alicheka mpaka akajishika mbavu. "Kumbe kiazi changu hakijatulia! Na mimi nimekiheshimu miaka yote hii!"

Nikamwambia wazi: watakaoota ni watoto wa kile kiazi, chenyewe hakitarudi. Alisikia? Wapi! "Wewe panda," alisema.

Nilizikwangua ganda kwa tupa, maana ni gumu, nikazipanda kwa mama kijijini mvua ilipoanza. Msimu ulipokwisha nilirudi kijijini, tukachimba, tukachemsha, mama akaketi kuonja. Jamani, hakuna hata viwili vilivyofanana! Kimoja cheupe kama muhogo. Kimoja nyuzinyuzi tupu, akakitema. Kimoja chekundu, manjano ndani, sura ile ile, nikamwona mama anapumua kwa nguvu. Alipokiuma kilikuwa maji matupu. "Huyu kachukua uso wa mama na tabia za baba," alisema, akakiweka kando. Cha mwisho kilikuwa kitamu kweli. Alikila chote, polepole.

"Mtamu," alisema. "Lakini simjui."

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwake. "Mwanangu, nikila kile kiazi nilikuwa namsikia mama yangu yuko jikoni. Sasa namsahau. Hata sauti yake inanipotea."

Nilimwonea huruma. Nikamwambia, "Mama, rando si mtoto. Mbegu ndiyo mtoto. Ukikata rando ukalipanda, nyuzi zote tisini zinakwenda vile vile, hazichanganywi na mtu yeyote, haziingii za baba wala hazitoki za mama. Ni mmea ule ule unaendelea. Kile kiazi cha Bukene hakikuzaliwa na kiazi cha bibi. Ndicho chenyewe alichokuwa anakipanda kwa mkono wake."

"Chenyewe?"

"Chenyewe. Hakijafa."

Akaanza kukusanya maganda kutoka kwenye ungo. Yalipokwisha akauliza, "Treni ya Mwanza inapita siku gani?"

Ndani ya treni alipakata kopo la asali. Bukene tulimkuta mama mdogo uani anapepeta mchele. Alituona, hakuinuka. Mama naye, hodi hakupiga, salamu hakutoa.

"Nimefuata marando," alisema.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama mdogo alionyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba, yanakopita maji ya bafuni, akaendelea kupepeta. Mama akaenda, nami nikamfuata. Marando yalikuwa yamejaa, mabichi, yamefunika ardhi yote. Alipiga magoti kwenye tope na kanga yake nzuri ya safari, akayashika majani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," alisema.

Nyuma yetu mama mdogo alikuwa amekwisha kufika, ana kisu mkononi. Alimtazama dada yake mkubwa pale chini.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia.

Mama aligeuka. Alicheka, na cheko lenyewe likageuka kilio katikati. "Mdogo wangu, lile neno nililolisema..."

"Sogea huko," mama mdogo alisema, akapiga magoti kando yake, akaanza kumkatia.