Sindano Alizozichomoa Wifi

Wifi yangu alizichomoa moja baada ya nyingine, kama mtu anayemtoa mbuzi miiba, akazitupa sakafuni. Tumbo langu lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kunguruma. Nililisikia mimi, akalisikia mume wangu, na Mchina mwenye sindano akainua kidole tunyamaze. Basi wifi akaingia, na ngurumo ikakoma.

Nirudi nyuma kidogo. Mwingereza alikuwa bado anatutawala. Daktari wa hospitali kule Tanga alinipasua, akakata kipande cha utumbo mpana chenye saratani, akauunga. Kidonda kikaenda vizuri. Utumbo ndio uliogoma. Tumbo likawambika kama ngoma, haja haitoki, upepo hautoki, na chakula nimezuiwa mpaka upepo utoke. Daktari akasema usipotoka hadi kesho asubuhi, ananipasua tena.

Mume wangu akainama akaninong'oneza, "Jamba, mke wangu. Jamba tu, nitasema ni mimi."

Nilicheka mshono ukaniuma, nikamtukana. Na mtu mwenyewe hata kucheua mbele ya wageni alikuwa hawezi!

Kwetu Kigombe mume wangu alikuwa akichemsha majongoo ya bahari na kuyaanika, akimwuzia Mchina mmoja wa Unguja. Mchina huyo alipata kumchoma sindano nyembamba kama unywele, maumivu ya kiuno yakamtoka. Bahati siku ile alikuwa Tanga mjini kununua mzigo; mume wangu akamfuata, akaja naye mchana, saa za kutazama wagonjwa. Bwana dresa wa wodi, mfunga vidonda, akageukia dirishani, akasema, "Mimi sijaona kitu."

Sindano zilitakiwa miguuni, chini ya goti. Mimi ni mwanamke wa Kiislamu, mwanamume wa kando hajapata kuniona muundi. Mume wangu akanitandazia kanga, akaikunja kidogo tu, pakaonekana mahali pa kutosha kidole gumba. Akaishika hivyo muda wote, macho yake usoni pangu. Nampenda kwa mengi, lakini kwa kanga ile zaidi.

Ndipo dada yake akatokea na bakuli la uji ambao hata sikuruhusiwa kuunywa.

"Ala! Kaka! Mwanamume anampapasa mkeo miguu, nawe umemshikia kanga?"

"Anamtibu, dada."

"Utumbo unatibiwa mguuni? Akiumwa jino atachomwa kisigino?"

"Bibi, usiguse, bado kidogo," Mchina akamsihi.

Akagusa. Tena akapiga kelele wodi nzima ikasikia, na dresa yule asiyeona akaona, akamtoa Mchina nje kama mwizi.

Asubuhi nikapasuliwa tena. Tangu hapo haja yangu hupitia tundu la ubavuni, na mume wangu ndiye anifuliaye vitambaa, kila siku, wala hajapata kukunja uso. Wifi huja sikukuu, hula pilau yangu, hunitania. Nami hucheka, maana ana maneno ya kuchekesha. Lakini lile la sindano halizungumzi.

Sisemi sindano zingeniponya. Nasema hatukuachwa tujue. Wifi, nawe bwana dresa, radhi zenu sizitaki. Nataka mje mkae mbele yangu mnijibu: mwenye miguu nilikubali, na mume wangu alikuwapo, ameshika kanga. Nyinyi mlikuwa mkimsitiri nani?