Jasho la Mashuka

Mama alipotufuata Durban kutoka Bukavu, baridi ya Julai ilimkuta mtaani Umbilo, katika fleti yetu iliyopakana na kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Magoti yalimuuma, hakuweza kusimama bila kunishika mkono, na kila asubuhi aliniomba nimrudishe nyumbani.

Jirani yetu, Mrundi, alikuwa fundi wa boila, mtambo wa kuchemshia maji, kiwandani pale. Siku moja alimkuta mama amejifunika blanketi tatu, akaenda kumwomba bosi wake ruhusa. Maji ya moto yaliyokuwa yakimwagwa mtaroni baada ya kufua, akayapitisha kwanza kwenye mabomba aliyoyalaza ukutani kwetu.

Mashine zilipoanza kunguruma, mama aliweka kiganja ukutani.

"Mwanangu, huu ukuta iko na homa!"

"Si homa, Mama," jirani akamwambia. "Ni jasho la mashuka."

Mama akacheka, akaegemea, akafumba macho. Maji yalinong'ona mgongoni mwetu, nami nikasinzia begani kwake kama mtoto. Alipoamka alisema amemwona marehemu baba akianika nguo nyeupe kando ya ziwa kule Bukavu, nguo zisizokwisha. Kisha akasimama bila kunishika mkono, akaenda kusonga bugali.