Mhimili Uliolaza Kalehe

Siku yangu ya kwanza kazini niligombezwa kabla sijakikalia kiti vizuri. Ofisi yetu ilikusanya hesabu za wagonjwa kutoka vituo vya afya vya Kivu Kusini. Mkurugenzi wa wakati ule, mzee mkali, alinipa karatasi ya vijiraba nichore malaria ya Nyangezi. Nikachora. Akaitazama, kisha akaigeuza chini juu.

"Maman, hii mustari inapanda kutoka wapi? Weka chiffres, hesabu zake, pembeni! Mutu wa Nyangezi akikuja hapa, ajione."

Nilimchukia siku ile. Baadaye, kompyuta zilipokuja na programu zake za takwimu, neno lake ndilo lililonisaidia kuliko mafunzo yote.

Sikilizeni, ninyi mnaoanza. Mhimili wima, ule unaosimama pembeni, hubeba hesabu za wagonjwa. Mhimili mlalo, ulio chini, hubeba majuma. Mistari myepesi inayokatiza nyuma ya mchoro ndiyo gridi, na kazi yake ni kuliongoza jicho kutoka pale ugonjwa ulipopanda hadi kwenye juma lake. Ukiiacha programu ijipangie, itaandika miezi inapopata nafasi na kuurefusha mhimili itakavyo. Vijana wengi mnaiacha, na mnanikera! Kompyuta haijui Kalehe iko wapi.

Mimi niliiamuru. Kila juma lilipata mstari mwembamba wa kijivu, kila mwezi mstari mzito kidogo, na kila eneo mchoro wake na mhimili wake, huku nikiandika wazi kwamba mihimili hailingani. Bukavu ni mji mkubwa, Kalehe ni vijiji vya kando ya ziwa. Ukiiweka pamoja na Kalehe kwenye mhimili mmoja, mhimili utarefuka kuufuata mji, na Kalehe italala chini kama mkeka hata wagonjwa wake wakiongezeka maradufu.

Basi kikaja kipindupindu, na ofisini tulikuwa na Chef de division mpya, mkuu wetu, mtu wa suti na maneno laini. Maman Furaha, muuguzi wa kituo kimoja cha Kalehe kando ya ziwa, alinipigia simu.

"Maman, wagonjwa wanalala chini, vitanda vimeisha. Serum iko karibu kuisha. Mutuombee bateau."

Mkutano wa Jumatatu na wageni wa mashirika ya misaada ndio ungeamua boti ya serum, yale maji ya dripu, na klorini ianzie wapi. Nikautengeneza mchoro wa Kalehe. Ulipanda kama njia za mlimani kule Kadutu. Chef akaja, akasimama nyuma yangu.

"Maman, hizi graphiques zote ni za nini? Wageni watachoka. Weka zote ku axe moja. Na toa hii mistari, inachafua."

"Chef, Kalehe itapotea."

"Haiwezi kupotea. Chiffres ni zilezile."

Nilikataa kuziweka kwenye mhimili mmoja. Akanisogeza, akakaa kwenye kiti changu, akafanya mwenyewe.

Mkutanoni nilisimama nikasema Kalehe watu wanakufa. Mgeni mmoja akatazama ukutani, pale mchoro ulipomulikwa, akanijibu kwa upole, "Lakini maman, Kalehe iko stable, haipandi." Chef akanishukuru, akaniambia nikae. Shehena yote ikabaki mjini. Mji nao uliumwa, sibishi, lakini mji una hospitali. Na hakuna aliyesema uongo hata mmoja! Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Hesabu zilikuwa kweli tupu, na kweli hiyohiyo ikawazika watu.

Boti ilipofika Kalehe hatimaye, Maman Furaha alikuwa ameshamzika mdogo wake. Alikuja ofisini na kitambaa cha msiba kichwani. Hakupiga kelele. Alitaka tu kuona kilichoonyeshwa siku ile.

"Nionyeshe fasi yetu."

Nikamwekea kidole mahali pa Kalehe.

"Sisi ni hii mustari ya chini? Inalala hivi, na sisi tulikuwa tunakufa?"

Tangu siku hiyo sikutoa tena kiti changu kwa mtu, na kila mchoro wa Kalehe ulikuwa na mhimili wake. Chef aliniita mkaidi, na sawa. Wanasema hasira hasara, lakini hasara ya Kalehe haikuletwa na hasira yangu. Ililetwa na unadhifu. Mkiambiwa mistari inachafua, ulizeni kwanza inamchafulia nani.

Siku ya kustaafu walininunulia keki. Chef akatoa hotuba, kisha akanikabidhi zawadi iliyofungwa vizuri. Ilikuwa fremu ya kioo, na ndani yake ule mchoro wa mhimili mmoja, safi, bila gridi. Wageni waliupenda sana, alisema, akausifu kama kazi ya mikono yangu.

Nilimrudishia mbele ya wote.

"Chef, nionyeshe Kalehe."

Akaishika fremu, akaisogeza dirishani, akaanza kutafuta kwa kidole. Watu walingoja na soda mkononi. Alitafuta mpaka kioo kikajaa alama za vidole, na Kalehe hakuiona.