Betri za Mjomba Mtu

Enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara, kila mtu alikuwa anaingiza kitu kutoka nje: huyu mitumba, yule friji bovu. Mimi nikaingiza boti. Boti ya faiba, na injini iliyokwishachoka huko ilikotoka, nikaitia kwenye bwawa la Mindu, wavuvi wenzangu wote wakiwa na mitumbwi ya gogo. Nilivyojiona sasa! Hata kununua ndizi ng'ambo nilikwenda na mngurumo.

Ng'ambo hiyo ndiko alikokuwa binti niliyempenda mpaka usingizi ukanihama. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mwenye neno ni mjomba wake. Mimi mtu wa kuja nikalishika hilo kwa mikono miwili: shikamoo zote na samaki wote wazuri, kwa mjomba. Naye alikuwa na televisheni, ya kwanza kitongojini, ikitumia betri za gari ambazo ilibidi zibebwe kichwani hadi mjini kuchajiwa. Jumamosi aliyoahidi kunipa jibu la posa yangu, alikuwa amealika ukoo mzima kuja kutazama. Nikamwambia betri aniachie mimi, boti yangu inachaji yenyewe ikitembea.

Kweli ilikuwa inachaji. Betri moja. Mjomba alinipa nne. Mafundi mjini walikuwepo, lakini mwenye boti anamuuliza nani? Tangu utoto nilikuwa napanga betri za redio, kichwa cha hii kwenye kitako cha ile, na zikichoka naanika juani. Nikaona hizi nazo ni betri, zimezidi ukubwa tu. Nikaziunga vivyo hivyo kwa nyaya, nikazifunga kwenye injini, nikazunguka bwawa asubuhi nzima nikipunga mkono kama mgombea. Moshi ulipotoka chini ya kifuniko nilidhani ni mafuta machafu. Kumbe betri nne kuungwa vile zimeizidi nguvu chaji ya injini, imeungua, nazo hazijaingiwa na kitu.

Ukoo ulikuja, umependeza. Mjomba akabonyeza, kioo kikabaki cheusi. Nikaeleza, nikatoka jasho, nikazilaumu nyaya. Mjomba wala hakugomba. Alisema maadamu hakuna cha kutazama, basi tuyamalize yale mengine, akamwita binti mbele ya watu na kumuuliza kama ananikubali.

Aibu iliyonishika, jamani! Ndipo nilipogundua kwamba binti mwenyewe sikuwahi kumwambia hata neno moja. Miezi yote ile nilikuwa namchumbia mjomba.

Binti aliniangalia kwa adabu, akitafuta aliwahi kuniona wapi.

"Huyu simjui, mjomba," alisema. "Ninachokijua ni kelele za injini yake."

Jioni ile nilizibeba aibu zangu hadi kwenye boti. Injini ilikuwa bado inawaka, lakini nilipiga kasia mpaka kwangu, nisije nikasikika.