Ditekta Ililia Chini ya Kitanda cha Mume Wangu

Mashine ya kusaka dhahabu ililia ndani ya nyumba yangu, chini ya kitanda alicholalia mume wangu mgonjwa. Kufikia jioni nilikuwa mjane wa mtu aliye hai.

Hii sikusimuliwa. Ni yangu mimi, Verdiana wa Nyakunguru, na anayebisha aje alione shimo.

Mume wangu Waitara alikuwa mchimbaji. Duara, yaani shimo la machimbo, lilimbomokea, jiwe likampiga kichwani. Wenzake walimtoa kwenye kifusi anapumua, macho wazi, lakini ukimsemesha ni sawa na kuongea na ukuta. Wakati huo nilikuwa na mimba ya binti yetu, Mogesi.

Akakaa hivyo mwaka na zaidi.

Ndugu zetu wa upande wa Kenya ndio waliotupeleka hospitali moja huko, walikokuwa madaktari wa utafiti. Wakamwekea waya mwembamba kwenye uti wa mgongo, karibu na shingo, na betri ndogo chini ya ngozi ya mgongo, juu ya kiuno.

Nikamuuliza daktari, "Kilichoumia ni kichwa. Mgongo unahusikaje?"

"Mama, waya ukiusisimua uti wa mgongo, mishipa ya damu ya kichwani inafunguka. Ubongo wake una njaa ya damu, tunajaribu kuulisha. Lakini siwezi kukuahidi."

Akatupatia rimoti ya kuiwashia na mkanda wa kuchajia. Akatuonya mgonjwa asisogelee sumaku, wala asipite kwenye ile milango ya ukaguzi ya uwanja wa ndege. Baba mkwe wangu, mzee Kisyeri, alicheka mpaka akakohoa. Nani wa Nyakunguru anakwenda uwanja wa ndege?

Majirani nao hawakuniacha. "Verdiana, leo umemchaji mumeo?" Nilicheka nao, kwa sababu mume wangu alikuwa anarudi.

Kwanza alianza kunifuata kwa macho. Kisha akasema "maji". Halafu siku moja namgeuza ubavu, akasema "Verdi", jina ambalo hakuna mwingine anayeniita. Nililia kama mtoto.

Kumtaja Mogesi ndiyo ilikuwa bado. Kila asubuhi nilimkalisha mtoto kitandani, nikamwambia, "Huyu ni Mogesi. Sema Mogesi." Midomo ilikuwa inacheza. Jamani, alikuwa amekaribia.

Sasa miaka hiyo dhahabu ilikuwa imewapagawisha watu, mtu anachimba mpaka jikoni kwake. Mzee Kisyeri akaingiwa na wazo kwamba mwanawe, kabla ya ajali, alificha mawe ya dhahabu nyumbani. Akamtafuta kijana mmoja mwenye ditekta, anaitwa Olima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mura," mzee akamjibu; kwetu mura ni kijana. "Anza kazi."

Olima akapita uani, kimya. Sebuleni, kimya. Chumbani akaipenyeza mashine chini ya kitanda cha Waitara, ikalia mpaka kuku wakatoka mbio.

Mzee akapiga magoti. "Rudia."

Olima akarudia. Waitara akakunja uso.

"Acha," akasema.

Neno jipya. Mungu ananiona, nilipiga makofi.

"Umesikia?" mzee akasema. "Anajua kilichoko chini. Mchimbaji hakuonyeshi alipoficha hata akiwa anakata roho. Rudia, mura."

"Baba, labda zile kelele zinamsumbua."

"Verdiana, umeolewa na mchimbaji na bado huwajui?"

Mashine ikapita tena, na tena. "Acha," Waitara akasema. "Baba, acha." Mara ya mwisho sauti ilitoka kidogo, kama ya mtu anayesinzia.

Olima akaweka alama ya mkaa sakafuni. Tukamhamishia Waitara kwenye kiti, kitanda kikatolewa nje, wanaume wakaanza kuchimba. Mimi nilibeba udongo kwa karai. Siwadanganyi, kichwani nilishaezeka nyumba bati jipya.

Shimo likafika kiunoni, likafika kifuani. Udongo mtupu. Olima akaishusha mashine mle ndani, ikakaa kimya.

"Ilikuwa inalia hapa hapa," akasema. Akapanda juu na mashine yake mkononi, akapita nyuma ya kiti cha Waitara.

Ikalia.

Akarudi nyuma, ikanyamaza. Akaisogeza mgongoni kwa mume wangu, ikalia tena.

Mzee Kisyeri alikuwa bado ndani ya shimo, jembe mkononi, ananiangalia kama vile mimi ndiye nitakayemwambia kwamba si kweli.

Nilikimbilia rimoti. Nikabonyeza, taa haikuwaka. Nikamfunga mkanda wa kuchajia, nikasubiri, taa haikuwaka. Nikamwita Waitara. Macho yalikuwa wazi, yananipita.

Nilipompigia daktari, akaniambia huenda ditekta ilikuwa inamtupia shoti mgongoni kila ilipopita, mpaka ikaiua mashine aliyowekewa. Hiyo ndiyo "acha" niliyoipigia makofi. Akasema utafiti ulishafungwa, wenzake wamerudi kwao, na mashine nyingine hakuna.

"Pole sana, mama," akasema, akakata simu.

Shimo bado lipo. Watu wanakuja kuomba waliendeleze, maana habari iliyosambaa ni moja tu, kwamba ditekta ililia kwa Waitara.

Mogesi anaongea sasa. Anamwita baba yake kutwa nzima, na hakuna anayemwitikia.

Mzee Kisyeri, mtu ambaye sijawahi kumwona akimbembeleza yeyote, huja kila asubuhi. Anakaa kando ya kitanda, anamshika mwanawe mkono. "Mura, niambie niache," anamwambia. "Niambie tena."

Ninyi mnaouguza, mgonjwa akisema acha, acheni kwanza. Sababu mtaiuliza baadaye, mkiwa bado mna wa kumuuliza.