Nilivyompigia Baba Debe

Mpwa wangu anatengeneza sabuni za mchaichai na kuzitangaza mtandaoni. Juzi alinionyesha ukurasa wake kwenye simu, akaniuliza kama aweke jina lake kamili au abaki na jina la biashara tu. Nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia afikirie siku mbili kabla ya kubonyeza chochote, naye akaniona bibi mwoga wa mambo mapya. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba mimi nilitangaza biashara kabla yeye hajazaliwa, pale Omurushaka, Karagwe, bila simu wala umeme, na tangazo langu likafika mbali kuliko nilivyotaka.

Biashara yenyewe ilikuwa cherehani moja ya baba. Aliiweka kwenye baraza la duka lililotazama barabara, mahali mabasi ya Bukoba na ya Kyerwa yanaposimama. Mguu wake wa kushoto haukukunjika tangu ujana, kwa hiyo alikanyaga pedeli kwa wa kulia peke yake, na jembe lilimshinda kabisa. Kibanja chetu cha migomba na kahawa, nyuma ya mji, alikilima mama. Baba alishona suti za maharusi, sare za shule na mavazi ya kwaya, na bila ile cherehani angekuwa mtu wa kukaa mlangoni akisubiri kupewa chakula. Alilijua hilo, nasi tulilijua.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mitumba ikamwagika. Shati lililokwisha kushonwa, lenye vifungo vyote, ulilipata sokoni kabla fundi hajamaliza kukupima mabega. Baraza likawa kimya. Mwenye duka, mtu mpole asiye na maneno mengi, alikuja siku moja akasimama mbele ya baba na mikono nyuma.

"Fundi, baraza lisilo na watu linanifukuzia wateja," alisema. "Tutazame mpaka Pasaka. Hali ikiwa hii hii, nafasi nitampa muuza mitumba."

Pasaka ilikuwa imebaki miezi mitatu. Baba alisema, "Sawa, mzee," akaendelea kukata kitambaa.

Ule upole wa baba uliniudhi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo hayakunipeleka popote, nikawa nashinda nyumbani nikimenya ndizi na kumkasirikia kila apitaye. Mama alikuwa akisema makalio yangu yana miiba, sijui kukaa. Nikaamua kwamba kama baba hataki kujitangaza, nitamtangaza mimi.

Nilianza kanisani. Nilimwomba mzee wa kanisa aseme baada ya ibada kwamba fundi fulani anashona mavazi ya kwaya kwa muda mfupi. Akanitazama juu ya miwani, akasema matangazo ya pale ni ya ndoa, misiba na ng'ombe waliopotea. Nikaenda kuandika vikaratasi nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, nikavibandika kwenye nguzo za soko kwa uji wa muhogo. Mbuzi walivila vyote kabla ya saa nne, kwa sababu ya ule uji. Nilikaa kwenye gogo la muuza nyama nikawatazama wakitafuna kazi yangu, na nikawa karibu kulia kwa hasira.

Ndipo nikamwendea kondakta wa basi la Kyerwa. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya kusikika mlima wa pili, na baba aliwahi kumwokolea suruali iliyochanika safarini. Nilimwomba, kila basi linaposimama, akitaja vituo amtaje na fundi.

"Fundi gani?" aliniuliza. "Hapa Omurushaka mafundi ni wanne. Nipe jina ambalo mtu akilisikia hachanganyi."

Hapo palikuwa na taabu. Watu walimwita baba Fundi, au jina lake la ubatizo, ambalo nusu ya wanaume wa Karagwe walikuwa nalo. Lakini alikuwa na jina jingine. Nililiona ndani ya jalada la kitabu chake cha nyimbo, limeandikwa kwa mkono wake, refu, na kwa jinsi lilivyoanza ungejua limetoka ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda. Kwamba baba alitoka huko tulijua nyumbani, lakini halikuwa jambo la kuzungumzwa. Alivuka akiwa kijana, akaoa Mnyambo, mwenyeji wa pale, akazungumza Kinyambo kuliko Wanyambo wenyewe. Mimi nilichoona siku ile ni jina zuri ambalo fundi mwingine yeyote hakuwa nalo. Nikampa kondakta. Jumatatu asubuhi nilimsikia mwenyewe, akining'inia mlangoni, akiliita jina la baba hadharani, na nikajisikia mtu wa maana kwa mara ya kwanza tangu matokeo yatoke.

Sikuishia hapo. Nilipata ubao wa kreti na mabaki ya rangi ya bluu, nikaandika jina lile lote kwa herufi kubwa, na chini yake: FUNDI WA SUTI, KWAYA NA SARE. KARIBUNI. Jumamosi niliutundika barazani kabla baba hajafika.

Baba alikuja akichechemea, akausoma ubao. Hakunigombeza. Aliomba kopo la rangi, akachovya brashi, akalifunika jina pole pole, herufi moja baada ya nyingine, mpaka juu pakabaki bluu tupu.

"Tata, nimekosa nini?" nilimuuliza.

"Nani mwingine umemwonyesha?"

Nikamwambia habari ya basi. Akaketi kwenye kiti chake cha kazi.

"Anasema mpaka wapi?"

"Kila kituo, mpaka mpakani."

"Miaka thelathini nimekaa hapa bila mtu kuniuliza niliingia lini na kwa karatasi gani," alisema. "Nimewaona waliobebwa kurudishwa mpakani. Wengine walikuwa na watoto kama wewe, waliozaliwa hapa hapa. Mtu akikosa jina lako, hana pa kukushikia. Sasa wewe umewapa."

Niliona aibu, na papo hapo nikamkasirikia kwa kuwa hakuniambia mapema. Nilikimbia stendi kumzuia kondakta. Alicheka. Akasema jina limeshawakaa abiria mdomoni, hata wenzake wa basi la Bukoba wameanza kulitaja kwa sababu linanoga. Nilimwambia aache. Akasema ataacha, lakini wiki nzima iliyofuata watu waliendelea kuja barazani wakiliulizia, kila mmoja akilivunja kwa namna yake. Walileta vitambaa. Kwaya moja ilitoka Rugera na marobota mawili. Mwenye duka alianza kumletea baba chai.

Mimi sikulala vizuri wala kukaa vizuri. Nikiona mtu mwenye faili kwapani, nadhani ni wa uhamiaji. Gari lolote lisilo la mizigo likipunguza mwendo, nasimama. Baba naye alishona akiwa ameinamisha kichwa zaidi ya zamani, na mgeni akimuuliza kama yeye ndiye fulani, alijibu, "Mimi ni fundi tu, leta kitambaa." Wateja walikubali, kwa sababu walitaka nguo, si jina.

Wiki moja kabla ya Pasaka, saa sita mchana, alishuka mtu kutoka basi la Kyerwa. Barazani walikuwepo wanawake watano wa kwaya wakisubiri kupimwa. Mtu huyo alivaa koti la kahawia lililomzidi mikono, na viatu vyenye tope lililokauka. Alisalimia kwa Kiswahili cha kubahatisha. Kisha akataja jina la baba lote, na akalitamka sawasawa, kwa mteremko wa sauti ambao sisi sote hatukuuweza.

"Yuko hapa?" aliuliza.

Baba hakuinua uso. "Huyo alihama," alisema. "Zamani. Alikwenda Mwanza."

"Nimesikia jina kwenye basi," alisema yule mtu, kama anayeomba radhi. Akaniomba maji. Nikampa kata nzima, akanywa yote, akasema asante, akavuka barabara na kupanda basi la Bukoba lililokuwa likinguruma. Nilishusha pumzi. Nilifikiri tumepona.

Baba aliendelea kukanyaga pedeli. Nilipotazama, uzi ulikuwa umechomoka kwenye sindano, na alikuwa akitoboa kitambaa bila kushona chochote. Basi liliondoka, mlio wake ukaishia kilimani, ndipo mguu wake ukasimama.

"Ni mdogo wangu," alisema.

Sikuelewa.

"Tulimwacha kwa bibi, ana miaka sita. Ana uso wa baba yetu. Hata kushika kata ya maji, ni baba yetu."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Mdomo ulijibu kabla yangu," alisema. "Umezoea."

Nilikimbia. Nilikimbia na kanga ikanidondoka njiani, mpaka pale barabara inapopinda, na sikuona kitu isipokuwa vumbi. Niliporudi, baba alikuwa amevuka barabara peke yake, na mguu wake ule, amesimama kwenye mlango wa basi la Kyerwa lililokuwa likipakia abiria wa kurudi. Kondakta alimshika mkono kumpandisha. Nikamsikia baba akisema ndani ya basi, mbele ya abiria wote na magunia yao, jina lake, jina la baba yake na la kilima walichozaliwa. Alisema kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia. Akawaambia wakimwona mtu wa koti la kahawia, wamwambie fundi wa Omurushaka hakuhama. Kisha akateremka, akaenda kungoja basi la Bukoba la jioni ili aseme tena.

Alifanya hivyo kila siku ya soko kwa zaidi ya mwaka. Makondakta walimzoea, wakawa wanamsaidia kutangaza bila kudai chochote. Kondakta mmoja wa Bukoba alituambia mtu wa koti hilo alishuka njiani, kwenye njia panda, na kwamba alionekana hana haraka. Zaidi ya hapo hatukupata neno, na hakuna aliyekuja kumuuliza baba karatasi.

Pasaka ilipita na mwenye duka hakugusia tena habari ya kuhama. Kazi ilikuwa nyingi mpaka tukanunua cherehani ya pili, ambayo niliishika mimi kwa miaka saba. Hivyo huwezi kusema tangazo langu halikufaa. Ila kila mtu alipoingia barazani na kitambaa chake, baba alikuwa akiinua uso na kumtazama kwa muda mrefu kabla ya kukipokea, mpaka wateja wengine wakaniuliza kando kama mzee ameanza kupoteza macho.